Nyanya Tatu za Mavis

Edgar Holroyd alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma sufu pale Keighley, Uingereza, kwa miaka arobaini, na kustaafu hakukumponya ugonjwa wake wa kutaka kujua. Ukimpa saa inayofanya kazi ataifungua. Ukimpa mbovu atakushukuru. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda cha vioo, na humo alifuga okidi, maua yasiyostahimili baridi. Nasema alifuga, maana aliziita kwa majina na kuziamkia asubuhi kabla hajamwamkia mkewe, Mavis.

Novemba ile okidi yake kubwa ilitoa tumba. Ilitoa kila mwaka, na karibu kila mwaka, kabla ya Krismasi, tumba liligeuka manjano likaanguka. Katika majira kumi na moja ya baridi ilichanua mara moja tu. Edgar alikwisha kumpata mkosaji. Ni Mavis, aliyekuwa akimletea chai na kuuacha mlango wazi, baridi ikapenya. Alimpiga marufuku kuingia, na tangu hapo chai ilimfikia nje.

Sasa tangi la hita yake ya mafuta ya taa lilikuwa limetoboka kwa kutu, na tumba lilikwisha kufikia unene wa kidole gumba. Ilibidi apate hita nyingine upesi, tena asikosee.

"Chukua ya mafuta, ndiyo uliyoizoea," alisema Thackray mwenye duka la vifaa. "Hii ya umeme yenye feni itakufilisi kwa bili."

"Okidi zenyewe zinapenda ipi?"

"Ziulize! Si unaongea nazo kila siku?"

"Basi niazime zote mbili mpaka wiki ijayo."

"Hili duka, mzee wangu, siyo maktaba."

Lakini alimwazima, kwa sababu alimjua: angesimama pale akiuliza maswali mpaka wateja wakimbie.

Edgar hakuwa mjinga wa kulitia tumba lake majaribuni. Aliihamishia okidi jikoni, akatafuta kitu ambacho kikifa hakitamuuma. Dirishani palikuwa na miche mitatu ya nyanya, iliyopandwa nje ya msimu.

"Wee bwana, unakwenda wapi na nyanya zangu?" Mavis aliuliza.

"Kwenye sayansi."

"Zikifa, utakula hiyo sayansi na mkate."

Mche wa kwanza aliuweka kibandani na hita ya mafuta. Alifunga mlango, akaziba kila ufa kwa nailoni kama kawaida yake. Siku ya pili kipimajoto kilisoma vizuri na udongo ulikuwa na maji, ila majani yote yalikuwa yameinama na kujikunja. Mwingine angenuna. Edgar alichekelea, kwani hakuna alichokipenda kama jambo linalokataa kueleweka. Mche wa pili aliuweka na hita ya umeme, nyufa zimezibwa vilevile, nao ukasimama wima. Akarudisha ile ya mafuta pamoja na mche wa tatu, safari hii akiuacha mlango wazi upana wa vidole vinne. Palikuwa na ubaridi, lakini majani hayakuinama.

Kumbe moto ule, ukifungiwa ndani, ulikuwa ukitoa hewa mbaya isiyoonekana, na maua ndiyo yaliyoumia. Edgar alikaa juu ya ndoo, kicheko kimemwisha. Mwaka ule okidi ilipochanua, yeye alikuwa amelazwa, amepasuliwa ngiri. Aliyeitunza ni Mavis, mwanamke asiyefunga hata mlango wa kabati.

Alinunua hita ya umeme, akairudisha okidi mahali pake. Kwa mkewe hakusema kitu. Ua likichanua, sifa zitakwenda kwa hita, na nani atauliza?

Likachanua, jeupe, koo lake la zambarau. Mavis aliliona akiwa nje, akafuta kioo kwa mkono wa sweta.

"Jamani, zuri hilo!" alisema. "Kumbe ilikuwa hita tu."

Ingetosha kuitikia kwa kichwa. Edgar aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akafungua mlango, akatoka.

"Mavis, si wewe uliyekuwa ukiyaangusha matumba. Ni mimi, kwa kufunga mlango. Wewe ulikuwa unayaokoa."

Mavis alimtazama. "Umejua lini?"

"Nilipochukua zile nyanya."

"Novemba."

"Novemba."

"Na leo ni tarehe ishirini na moja Desemba, Edgar."

Mavis alimpita, akaingia, akaliinamia ua akalinusa kwa muda mrefu. Edgar alibaki nje kwenye baridi, akingoja kuambiwa kama na yeye anaruhusiwa kuingia.