Niliandika "Bibi", Kompyuta Ikakataa Nifute

Kosa ni langu. Nimejaribu kuitupia lawama kompyuta, nimejaribu kumtupia matroni, nimejaribu hata kuzitupia mila za watu ambao sikuzaliwa kwao. Hazikukaa popote. Zinarudi kwangu kila ninapofumba macho.

Jina langu sitaliandika, wala jina la nyumba ninayofanyia kazi. Jueni tu kwamba iko Tarime, na kwamba shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka tunapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa. Wengine hufika na sare za shule, wengine hufika pekupeku. Mimi ni mwalimu niliyehamia hapa kutoka mkoa wa mbali, nikakabidhiwa kazi ya kutunza kumbukumbu zao.

Kila msichana ana faili lake kwenye kompyuta: anatoka wapi, anamkimbia nani, na msimu ukiisha akabidhiwe kwa nani. Kompyuta ni moja, tunaitumia mimi na matroni. Na kuna kanuni moja niliyoitunga mwenyewe: msichana anaondoka na mtu aliyeandikwa kwenye faili, maneno ya mdomo hayahesabiki. Niliiweka kwa sababu wajomba wa uongo walikuwa wanakuja getini na maneno matamu. Nilijivunia kanuni hiyo. Jamani, nilijivunia sana!

Msichana mwenyewe nitamwita Bhoke, silo jina lake. Alitoka upande wa Nyamwaga. Hakuwa msemaji; alipoulizwa anamkimbia nani, alijibu tu, "Watu wa nyumbani." Alipenda kukaa mlangoni mwa jiko, mahali ambapo mtu akiingia getini anaonekana.

Siku moja Bhoke akiwa amepelekwa zahanati, alikuja bibi mmoja nadhifu, amejifunga kanga, kabeba ndizi. Nikamwamkia shikamoo. Akaanza kulia kabla hajakaa.

"Mwanangu, mimi ni bibi wa Bhoke. Nataka kujua kama anakula."

Nikamuuliza kuhusu mama yake Bhoke. Akajibu, "Huyo ni wa kwangu. Yuko kwangu pale nyumbani."

Nikaelewa kama tunavyoelewa kwetu. Nikaandika kwenye faili: "Mlezi salama: bibi, mzaa mama." Nikaweka na jina lake kamili. Bhoke aliporudi sikumuuliza. Niliona nimempatia pa kwenda, nikafurahi.

Wakati huo kompyuta yetu ilikuwa inanisumbua kila siku na ujumbe kwamba mfumo mpya uko tayari kuwekwa. Matroni akanikataza.

"Madam, hiyo mashine inafanya kazi. Unaichokonoa ya nini? Ngoja kwanza watoto waondoke."

"Matroni na wewe, unaiogopa kompyuta kama nyoka!"

Nikabonyeza kukubali. Ikazima, ikawaka, ikazima tena. Ilipotulia ilikuwa na sura mpya, ikanitaka nifungue akaunti mpya, nami nikafungua. Nikachungulia mafaili ya wasichana, yote yalifunguka. Nikamwita matroni.

"Umeona? Imemuuma mtu?"

Akacheka, akarudi jikoni. Nilichojaribu ni kufungua na kusoma tu. Kuandika sikujaribu.

Msimu ukaisha. Barabarani hapakusikika tena nyimbo wala filimbi za tohara, na watu wakasema hatari imepita. Tukaanza kuwaandaa wasichana kurudi. Ndipo Bhoke akaja mezani kwangu.

"Madam, mimi naenda kwa nani?"

"Kwa bibi yako. Alikuja hapa, akakulilia kweli."

Akaniangalia kama mtu anayengoja nimalizie utani. "Bibi gani?"

Nikamtajia jina.

"Madam, huyo tunamwita bibi. Lakini ndiye aliyemwoa mama."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka! Akangoja nimalize.

"Yeye hakupata mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe, akamwoa mama aje amzalie. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Mimi ni wa mji wake. Nikiolewa, ng'ombe zangu za mahari zinaingia kwake. Na kule alikoahidi kunioza hawataki msichana ambaye hajakatwa."

"Na mama yako anasemaje?"

"Mama ndiye alinifungulia mlango nikatoka. Pale yeye hana sauti."

Zipo nyumba za namna hiyo ambamo watoto wamelelewa kwa upendo, nimezifahamu baadaye. Hii ya Bhoke haikuwa mojawapo. Mtu niliyemwandika nikidhani ni wa kumkimbilia, kumbe ndiye aliyekuwa anakimbiwa.

"Nabadilisha leo hii," nikamwambia. "Nina rafiki yangu mwalimu kule Serengeti, atakupokea."

"Utabadilisha kweli, madam?"

"Leo."

Nikafungua faili lake. Nikafuta "bibi, mzaa mama", nikaandika jina la rafiki yangu. Nilipotaka kuhifadhi, kompyuta ikakataa. Ikasema faili hili ni la kusoma tu. Nikafunga, nikafungua upya. Neno "bibi" lilikuwa limerudi, limekaa palepale kama halijaguswa. Nikazima mashine na kuiwasha. Nikaingia kwenye sifa za faili, nikaondoa alama ya "kusoma tu". Kufumba na kufumbua alama imerudi. Nikajaribu mafaili mengine. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

Nikampigia fundi wa mjini.

"Madam, baada ya kuweka mfumo mpya ulifungua akaunti nyingine?"

"Ndiyo."

"Basi mwenye hayo mafaili ni ile akaunti ya zamani. Wewe mashine inakuona mgeni. Kusoma unaruhusiwa, kuandika hapana." Akacheka. "Umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe!"

"Sasa nifanyeje?"

"Ni kubadilisha umiliki wa folda, si kazi kubwa. Nitakuja nikufanyie. Kwa sasa hifadhi nakala kwa jina lingine, kwenye folda yako, uandike humo. Ila angalia, mafaili yatakuwa mawili. Usije ukachanganya."

Usije ukachanganya! Aliniambia kwa lugha ya wazi kabisa.

Nikafanya alivyosema. Faili jipya la Bhoke, lenye jina la rafiki yangu, likakaa kwenye folda yangu. Lile la zamani likabaki kwenye folda ya wote, ile anayoifungua matroni.

Matroni alikuwa uani anaanika maharage. Ningeita tu, angesikia. Lakini ningemwambia, ningelazimika kukiri kwamba mashine nimeiharibu, naye angesema, "Si nilikwambia?" Nikaona haya. Nikajisemea fundi atakuja, nitafuta lile la zamani, mambo yatakwisha kimyakimya.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Kompyuta ilinikatalia kufuta, lakini haikunikataza kusema.

Fundi hakuja siku iliyofuata. Mimi nikaondoka kwenda Serengeti kumwandaa rafiki yangu. Nikamwonyesha picha ya Bhoke, tukachagua kitanda. Nilirudi Tarime nina furaha moyoni.

Mlangoni mwa jiko hapakuwa na mtu.

"Bhoke yuko wapi?"

"Ameondoka jana," matroni akasema. "Bibi yake alikuja na kitambulisho. Nikafungua faili, nikalinganisha majina, yakalingana."

Nikamuuliza kama mtoto alikubali kwenda.

"Alisumbua kidogo," matroni akaendelea, sauti yake ikipungua. "Alishika nguzo ya geti. Akasema, 'Madam amebadilisha, aliniambia amebadilisha.' Nikarudi kuangalia tena kwenye kompyuta. Iliandikwa bibi. Nikamwambia, mwanangu, maneno ya mdomo hayahesabiki, ndivyo madam alivyotuwekea."

Mungu wangu!

Tulikwenda Nyamwaga na askari wa dawati la jinsia. Bibi alitupokea vizuri mno. Alituletea viti, akaagiza chai, akatuuliza habari za safari. Askari akamuuliza Bhoke yuko wapi.

"Amesafiri."

"Kwenda wapi?"

"Kusalimia ndugu."

"Ndugu gani, mama? Wa Sirari? Wa ng'ambo ya mpaka?"

"Mwanangu, ndugu ni wengi. Kunywa chai."

Nyuma ya nyumba ng'ombe walikuwa wanalia bila kunyamaza, wanazungukazunguka zizini wakinusa miti. Askari, ambaye ni mzaliwa wa hukuhuku, aliwatazama kitambo, akaninong'oneza, "Hawa ni wageni hapa. Bado hawajalizoea zizi."

Mama yake Bhoke alikuwa amesimama pembeni, ni mdogo kuliko mimi. Nikamsogelea nimwombe msamaha. Hakunipa mkono.

"Mimi nilimtoa usiku, mvua inanyesha, peke yangu," akasema. "Nyinyi mna geti, mna kompyuta, mna askari. Mmemrudisha mchana."

Bibi alihojiwa kituoni, akaachiwa. Taarifa ilivushwa upande wa pili wa mpaka. Mpaka leo ninapoandika, Bhoke hajapatikana, na sijui wamemfanya nini. Kusema kweli najua, ila mkono unakataa kuandika.

Fundi alikuja baadaye. Akabadilisha umiliki wa folda wakati chai yake bado ya moto. Mafaili yote yakaanza kuandikika. Neno lile nililifuta mara moja tu, likafutika.

Msimu mwingine unakaribia. Jana amefika msichana wa kwanza.

Wewe unayetunza habari za watu, iwe hospitali, shule au ofisi ya kata, nakusihi. Usibadilishe mfumo wa kompyuta wakati kazi iko katikati. Ukishabadilisha, usiridhike kwamba mafaili yanafunguka. Andika neno, lihifadhi, ulione limebaki. Ukilazimika kutengeneza nakala, usiondoke ukaacha mbili bila mwenzako kujua ipi ni ya kweli. Na siku mashine ikikataa kufuta neno la uongo, acha haya, acha kiburi! Inuka mezani, nenda uani, mkamate mkono yule atakayelisoma, umwambie kwa sauti: hilo si kweli, usimtoe mtoto.