Soketi za Sakafuni

Ugonjwa uliokuwa kichwani mwa Mama ulimfanya asivumilie mwanga mkali. Jioni alikaa jikoni taa ikiwa imezimwa, mikono mapajani, akingoja usingizi. Alichotaka ni kitu kimoja tu: kukaa na maua yake bila kuumia macho.

Nyumbani kwetu Gatongora, Baba alikuwa amemjengea chumba cha vioo nyuma ya nyumba. Vioo alivishughulikia yeye. Umeme niliachiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo Juja na sikuwa na kazi.

Kuta tatu zilikuwa za vioo kutoka juu hadi chini, na wa nne ulikuwa mbali na maua, kwa hiyo soketi hazikuwa na mahali ila sakafuni, na fundi alitaka nichague kabla hajaweka vigae. Nilitaka taa za kusimama, zote zikiongozwa na swichi moja ya kuzungusha, ile inayopunguza mwanga. Lakini swichi hiyo hupunguza umeme kwa chochote kilichochomekwa. Je, mgeni akichomeka pasi? Akichomeka redio ikaungua, au ikawaka moto? Nikaamua tutafute soketi za matundu ya duara, ambazo plagi nyingine yoyote ya nyumba yetu haingeziingia.

Halafu kulikuwa na maji. Mama hakuwa mtu wa kupangusa sakafu kwa kitambaa. Alimwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni, akasugua kwa ufagio, kisha akayasukuma yote hadi nje.

"Siste, chukua hizi za kawaida," muuzaji wa duka la umeme Thika aliniambia. "Za duara nani bado anatumia?"

"Na maji yakimwagika juu yake?"

"Kwani mnafuga samaki humo ndani?"

Alikwenda stoo akarudi na soketi za matundu ya duara zenye kifuniko cha shaba. Chini ya kifuniko kulikuwa na pete ya mpira, na juu yake mfuo wa kukazia kwa sarafu. Unachomoa plagi, unafunika, unakaza, maji hayaingii. Nilikifungua na kukifunga mpaka akaniambia kitaisha kabla sijakinunua.

Nyumbani nilimwonyesha Mama, nikamweleza yote tena tangu mwanzo.

"Mami," alisema. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Ni soketi ama ni mchumba ulikuwa unachagua?"

"Nataka ukae bila wasiwasi."

"Wasiwasi ni wako. Mimi nataka tu kukaa."

Na alikaa. Jioni ya kwanza nilizungusha swichi polepole, nikimtazama usoni, mpaka akainua mkono. "Hapo. Usiongeze." Majani ya maua yake yalionekana kwa shida, naye alionekana kwa shida, lakini alikuwa anatabasamu.

Kila Jumamosi alichomoa taa, akatoa sarafu kwenye mfuko wa aproni, akakaza vifuniko, ndipo akamwaga maji. Hakukubali nimsaidie. Jumamosi ya mwisho aliosha chumba akiwa anashikilia kiti, na jioni yake tukampeleka hospitali. Hakurudi.

Siku tuliyompoteza, mimi na Baba tulikuwa bado Thika tukishughulikia mwili wakati akina mama wa kanisa walipofika nyumbani kuosha nyumba kabla ya waombolezaji. Waliosha kama yeye, kwa ndoo. Niliporudi, sakafu ya chumba cha vioo ilikuwa bado inang'aa kwa maji, na watu walikuwa wamekaa humo giza likiingia.

"Mami, washa taa, hatuonani," tata alisema. Ni dada mdogo wa Mama.

Nilihakikisha swichi imezimwa, nikapiga magoti karibu na kiti cha Mama, sarafu mkononi. Sikuihitaji. Kifuniko kilizunguka kwa ncha za vidole, kimelegea, kama kilichofungwa na mtoto. Nilikuwa nimewaza pasi, redio, moto na maji. Sikuwa nimewaza kwamba mikono yake ingeishiwa nguvu.

Ndani, kwenye matundu, kulikuwa na maji kidogo. Nilivua leso kichwani nikayafyonza kwa ncha yake.

"Inawaka?" tata aliuliza.

"Bado," nikasema. "Wacha pakauke kwanza."

Akaja akaketi sakafuni kando yangu, kwenye unyevu, tukangoja.