Siku Nilipoogopa Kiboko

Juzi, hapa mjini Baraka, nilimwona jirani akimfunga mwanawe kamba kiunoni kabla ya kumruhusu aoge ziwani. Nilicheka, kisha nikamwonea wivu mtoto yule. Sisi utotoni tulitumwa ziwani na vyombo vichafu, na aliyetuchunga ni Mungu peke yake.

Alasiri moja nilikuwa nikisugua sufuria ya mama kwa mchanga. Ufuo ulinuka ndagala, wale samaki wadogo, wanaokauka juani. Dada zangu walishamaliza. Mimi nilikuwa bado natafuta doa la mwisho, ugonjwa ambao, nakiri, sijaupona. Sufuria ikaniponyoka, ikaelea kuelekea kwenye matete. Nikaifuata mpaka maji yakanifika kifuani.

Ndipo mama, aliyekuja kunitafuta, akapiga kelele kutoka ufuoni: "Esta! Toka! Kiboko!"

Nyumbani kwetu kiboko kilikuwa kimoja tu: mjeledi wa baba, uliotundikwa nyuma ya mlango. Nikajua sufuria ikipotea nimekwisha. Nikazidi kwenda mbele.

"Mama, naileta!" nikalia. "Musinipige, iko karibu!"

"Achana nayo, we mutoto! Kiboko iko nyuma yako!"

Nikaidaka sufuria, nikageuka nikitarajia kumwona baba. Badala yake palikuwa na kichwa kikubwa cha kijivu, masikio yakitikisika, pua ikipuliza maji.

Leo najua mnyama yule anavyoweza kuukata mtumbwi pamoja na mvuvi wake. Siku ile nilishusha pumzi, nikatoka majini bila haraka. Kumbe ni mnyama tu.