Jina Moja mu Daftari ya Majaribio

Tulikuwa bantu bane mu lupango yetu, ndani ya ukuta mumoja, ile miezi ya vurugu. Miye mwenyewe, mujane, mwenye nyumba. Mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu wa pili, aliyemaliza masomo ya ordinateri, ile mashini ya kompyuta, kule Kasapa kwenye chuo kikuu. Mwenzake wa kazi, mutoto wa mufanyabiashara wa Kivu mwenye malori. Huyu hakulala kwetu, lakini alikula kwetu karibu kila siku, basi namuhesabu. Na wa nne, mama mumoja mwenye kukimbia vita upande wa Mitwaba. Alifika na godoro na sufuria mbili, na kanisa ikatuomba tumupe nyumba ndogo ya nyuma. Hatukuwa na undugu naye. Alikuwa na mutoto mumoja tu, kijana wa miaka ishirini, na balipotezana mu pori siku bantu balikimbia. Sisi wote tulimuita kwa jina ya ule mutoto, vile inafaa kumuita mama. Hapa nitaandika Mama wa Fulani.

Si kwamba nimesahau jina. Miye sisahau jina. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu, na kuandika naandika polepole sawa muntu mwenye kutoa miiba ya samaki. Lakini kwenye matanga bananiita miye niseme nani alizaa nani, toka babu ya babu mpaka katoto kenye kunyonya. Nilikuwa navimba sana juu ya hiyo. Nasema nilikuwa.

Kazi ya mujukuu wangu na mwenzake ilikuwa hivi. Bantu benye kukimbia balikuwa banaingia Lubumbashi kila siku, bamoja banalala makanisani, bengine Kasungami pembeni ya muji, bengine kwa ndugu zao, na mume hajui bibi yake iko wapi. Basi hawa babili balitengeneza programu ya telefone. Ilikuwa na daftari mbili. Ya kwanza, bantu benye kutafuta, numero zao na jina ya muntu banamutafuta; Mama wa Fulani alikuwa humo. Ya pili, bantu benye kuonekana na mahali banalala. Programu inasoma daftari zote mbili peke yake. Ikiona jina na kijiji vinafanana, inatuma ujumbe kwa mwenye kutafuta: muntu wako iko mahali fulani.

Nikawauliza: "Na hizo daftari ziko wapi? Mbona sioni hata karatasi?"

"Ziko mu wingu, Kambo," mujukuu akasema.

"Na mvua ikinyesha?"

Kijana wa Kivu akacheka mpaka bukari, ule ugali wetu, ikamukwama. "Hapana, Bibi. Wingu ni jina tu. Ni nyumba kubwa ya mashini, iko mbali, Ulaya. Sisi tunakodi nafasi kidogo ndani yake."

"Kwanza, miye si bibi yako," nikamuambia. "Huku kwetu bibi ni mwanamuke wa kuoa. Kama unataka kunioa, leta mbuzi tuongee."

Tangu siku ile akaniita Kambo, nyanya, sawa mujukuu wangu.

Kitu nilielewa ni hiki. Programu ni moja, haibadiliki. Lakini pembeni yake kuna orodha ya mistari kumi na mbili, benyewe banaita mipangilio. Kila mustari unaiambia programu jambo moja: daftari ya benye kutafuta iko anwani gani, daftari ya benye kuonekana iko anwani gani, ufunguo wa kuingia ni upi, ujumbe utoke kwa numero gani. Na orodha zilikuwa mbili. Moja ya kweli, moja ya majaribio, juu mujukuu wangu hakutaka kujaribia kazi yake juu ya machozi ya bantu. Programu ni ileile: ukiipa orodha ya kweli inafanya kweli, ukiipa ya majaribio inacheza tu.

Siku za kwanza, mujukuu akaniomba: "Kambo, nipe majina arobaini ya bantu benye hawako, na kijiji, na mahali banalala. Ya kubuni tu. Nayatia mu daftari ya majaribio."

Sasa, kwetu jina haibuniwi. Jina inatoka kwa muntu inaenda kwa muntu. Miye nabeba jina ya mama ya baba yangu, na yeye alibeba ya mwingine. Jina yenye haina mwenyewe iliniogopesha. Ningemuambia hivyo, lakini nilisikia haya, nikafikiri ataniona mama wa zamani, mwenye kuogopa bure. Nikampa majina ya kweli, ya bafu wangu, marehemu, bantu ba utoto wangu benye hakuna tena muntu wa kuwatafuta. Nilifika makumi tatu na tisa, nikakwama. Nje, Mama wa Fulani alikuwa anawasha makala mu mbabula, jiko yake, na jirani akamuita toka mulangoni. Ile jina ikaingia mu masikio yangu na kutoka kwa kinywa. Kijiji nilikijua. Ni jina yenye bengi banabeba, mujukuu hakushituka.

"Na analala wapi huyu?" mujukuu akauliza, vidole vikiwa tayari.

"Kasungami," nikasema, "pembeni ya tanuru ya matofali, kwa mzee mwenye mguu mumoja." Nilipenda hata kumutia mguu mumoja, hadithi iwe tamu.

"Yote ni ya kubuni, Kambo?"

"Yote."

Halafu vurugu ikafika mu muji wenyewe. Baaskari balikuwa banaingia mu nyumba, bananyang'anya telefone, banasoma karatasi. Muntu mubaya akipata ile mistari ya kweli, amepata majina ya bote benye kujificha na mahali banalala. Mujukuu akakataa iandikwe popote. Akaniangalia. "Mu kichwa ya Kambo hakuna askari anaweza kuingia."

Nilivimba sawa mukate mu moto. Zile anwani hazikuwa maneno, zilikuwa herufi na namba ovyo, lakini kila herufi nilimupa muntu: ya kwanza shangazi yangu, ya pili mume wake, ya tatu mutoto wao aliyekufa na surua, na namba zikawa miaka yao. Mustari mumoja, familia moja imesimama kwenye matanga. Nikazishika familia zote ishirini na ine. Orodha ya majaribio nilimusomea mujukuu kila asubuhi, juu kila asubuhi alijaribu kazi yake. Ile ya kweli ilitakiwa mara moja moja tu.

Siku nayotaka kusema, risasi zilianza asubuhi upande wa katikati ya muji. Mujukuu alikuwa ameenda Kasungami tangu jana yake kuandika bantu, njia zikafungwa, telefone yake ikazimika. Saa ine kijana wa Kivu akanipigia toka Kasapa.

"Kambo, mashini yetu ya Ulaya imefungwa. Nimekodi ingine, iko tupu. Programu ninayo, daftari ziko salama mahali pengine, mistari ya kuzifikia sina. Nisomee ya kweli. Bantu banangoja ujumbe."

Nikakaa kwenye kiti, nikafunga macho, nikaanza. Mustari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anaandika, anasoma nyuma yangu, naitika. Tulifika wa saba, daftari ya benye kuonekana. Familia ikatokea upesi, imejipanga vizuri, nikaisoma. Nilipofika muntu wa mwisho, kitu kikanigusa. Niliona ni wale ninaowaona kila asubuhi.

Ile kimya kijana akaisikia. "Kambo, uko na uhakika na hii ya saba?"

"Unaniuliza miye?" nikamujibu. "Ulizaliwa lini weye? Andika, twende ya nane."

Akaandika. Tukaenda ya nane.

Yafuatayo munaweza kujua. Programu ikafunguka. Daftari ya benye kutafuta ilikuwa ya kweli. Daftari ya benye kuonekana ilikuwa ile ya majaribio, yenye majina yangu arobaini. Bafu wangu hawakutafutwa na muntu. Ujumbe ulitoka mumoja tu.

Mama wa Fulani alikuja kwangu mbio, mikono yenye unga, telefone mbele yake sawa yai. "Mama, nisomee. Naona jina yake hapa, hiyo najua kuisoma. Nisomee ingine."

Nilisoma herufi moja moja, vile nasoma. Jina. Kijiji. Kasungami. Pembeni ya tanuru ya matofali. Nilipofika "kwa mzee mwenye", sikuhitaji tena kusoma.

"Mwenye nini, Mama? Mwenye nini?"

"Mwenye mguu mumoja," nikasema.

Akapiga vigelegele. Akaangalia uso wangu, akanikumbatia, unga wote kwenye mugongo wangu. "Ona, hata weye unalia!" Alifikiri ni furaha.

Nilisema neno moja tu: "Kuna risasi. Ngoja mujukuu arudi."

"Weye ungengoja?"

Akaingia mu nyumba yake ndogo, akatoka na shati ya kijani, mupya, ya kitambaa kizuri. Aliishona mwenyewe kwa mukono tangu alipofika, kwa kipimo cha kichwani, na mara mbili aliifumua kuongeza mabega: kijana atakuwa amekua. Akaikunja, akaitia kifuani, akatoka. Miye nilikuwa nimesimama mulangoni. Ilikuwa hatua kama kumi na tano mpaka barabarani. Ningeweza kumuita. Jina ya kumuitia nilikuwa nayo kwa ulimi.

Nilirudi ndani, nikapepeta muchele yenye ilikuwa imepepetwa.

Kesho yake mujukuu akarudi, na kijana wa Kivu akafika kwa miguu. Mujukuu akafungua ordinateri, akaona, akamugeukia.

"Umetia daftari ya majaribio mu kazi ya kweli! Unajua umefanya nini? Kuna muntu amepokea ujumbe!"

Kijana akaniangalia. Kidogo tu. Halafu akaangalia chini. "Ni kosa yangu. Nilichanganya."

"Ulichanganya! Mama ya nyuma ameenda mpaka Kasungami juu ulichanganya!"

"Nisamehe."

Aliongea naye vibaya sana. Akamuambia asitie tena mukono mu ile kazi, arudi kuhesabu malori ya baba yake. Na miye nilikuwa pale, naleta maji, naweka bukari mezani, na nilikula. Mpaka leo nakumbuka kwamba nilikula, na kwamba sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa imeiva vizuri.

Ni wakati wa kutoa sahani mujukuu akasema, polepole, sawa mwenye kujiuliza mwenyewe: "Lakini majina ya daftari ile yalikuwa ya kubuni. Muntu wa kubuni anapataje mama?"

Akanyanyua macho. Nikaweka sahani chini.

"Ni miye," nikasema. "Jina nilitia miye. Na mustari wa saba nilisoma miye. Huyu kijana aliniuliza kama niko na uhakika, nikamutukana."

Hakunifokea. Ningependa anifokee. Alimuendea mwenzake, akamushika bega. Halafu babili bakakaa kwenye ordinateri, na mbele yangu bakabadilisha kazi: tangu siku ile programu yenyewe inakagua mistari mbele ya kufunguka, na ikikuta mumoja wa majaribio katikati ya mistari ya kweli, inakataa. Na hakuna tena mustari wa kukaa mu kichwa ya muntu mumoja. Kijana akaniambia, kwa kunituliza: "Kambo, hata sisi tulikosa. Kitu kikubwa vile hatukutakiwa kukiacha kwa muntu mumoja." Alisema kwa upole. Iliniuma kuliko matusi.

Mama wa Fulani alirudi siku ya tatu. Vumbi mpaka kwa nyusi, kandambili moja imekatika, shati bado kifuani. Mujukuu akasimama aende kwake. Nikamushika mukono. "Acha. Ni yangu."

Nilimukuta amekaa kwenye kizingiti. Hakuwa na huzuni. Hiyo ndiyo nilikuwa siwezi kuivumilia.

"Matanuru iko mingi kule," akasema. "Nimeenda kwa yote. Mzee mwenye mguu mumoja hawamujui, lakini kwa moja baliniambia kijana fulani murefu alikuwa anabeba matofali, ameondoka juma iliyopita. Murefu, Mama! Kesho narudi, nitaanzia upande ule."

"Hapana," nikasema. "Hakuna kurudi. Ule mzee ni miye nilimubuni."

Nikamuambia yote. Daftari, majina arobaini, mustari wa saba, na kwamba nilijua tangu aliponipa telefone nisome. Hii ya mwisho ilikuwa ngumu kupita zote. Aliniangalia, anajaribu kupata sura yangu ndani ya sura yangu.

"Juu ya nini yake? Majina yote ya dunia, juu ya nini yake?"

"Juu nilikuwa naisikia kila siku. Tunakuita kwayo."

Akatoa shati kifuani, akaipiga vumbi, akaikunja upya. "Basi usiniite tena kwayo," akasema. "Bengine baniite. Weye, hapana. Itoe kwa kinywa yako."

Alibaki kwetu wiki ine. Kila asubuhi nilimusalimia "Mama", peke yake, na aliitika, juu ya adabu. Halafu akapata nafasi kwa dada ya mama yake huko Likasi, akaondoka na godoro na sufuria mbili. Kijana wake sijui kama alionekana. Mujukuu anasema jina bado iko mu daftari ya benye kutafuta, ile ya kweli.

Kwenye matanga sisemi tena majina. Bananiita, nasema kichwa imezeeka. Si kweli. Na ndiyo sababu humu hakuna jina ya muntu hata moja. Nilianza na yake, nikaona siwezi kuacha yake pekee.

Wenye mulikuwa pale, someni, na kama nimekosa munisahihishe. Labda haikuwa saa ine, labda shati ilikuwa ya bluu. Labda kijana wa Kivu hakuangalia chini, labda ni miye. Niambieni, nitafuta, nitaandika upya. Jina tu musinikumbushe.