Bundi wa Kijito cha Doonside

Kila Jumamosi asubuhi, akishatoka zamu yake ya kuhudumia wazee, Salvator huchukua kamera na kushuka kijitoni Doonside, mtaa wa ng'ambo alikohamia. Juu mtini bundi mkubwa huwa anasinzia, kucha zake bado zimeshika mabaki ya mawindo ya usiku. Salvator hukaa kimya akisubiri afumbue macho. Wenzake kanisani hawamwelewi: Mrundi mzima, anamfuata bundi kwa miguu yake!

Wana haki ya kushangaa. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kila bundi alipolia juu ya paa, mama yake alichomoa kijinga cha moto mafigani akatoka nacho mbio, akifoka mpaka kikohozi kikamshika: "Shindwa! Peleka msiba kwenu! Hapa hatujamaliza kula!" Watoto walicheka chini ya blanketi mpaka wakabanwa na mkojo. Mama alizikwa huko huko.

Leo bundi amefumbua macho yote mawili, na Salvator amempata. Papo hapo akamtumia picha dada yake mkubwa, Ninahazwe, aliyebaki Kigoma. Jibu likaja kwa sauti: "Wewe Salvator, una wazimu? Shindwa! Peleka msiba kwenu! Hapa hatujamaliza kula!"

Ilikuwa sauti ya mama kabisa, hata kile kikohozi cha mwishoni. Njiani kurudi nyumbani, Salvator aliketi kwenye benchi la stesheni akaisikiliza, akairudia, akairudia tena. Treni ikampita. Kisha akaandika: "Nisamehe, dada. Sitatuma tena."

Ndivyo anavyomwandikia kila Jumamosi.