Nafasi ya Vidole Vinne

Mama yangu amefuma masweta ya shule kwa miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo hajamaliza hata sweta moja la kwake mwenyewe. Nasema hivyo mbele yake na hanibishii. Lile analovaa limetoboka viwiko vyote viwili. Mfinyanzi hulia gaeni, ndiyo, lakini huyu wangu alizidi. Kabati lake limejaa migongo isiyo na vifua na mikono isiyo na mwenzake, kwa sababu kila akianza la kwake, hodi mlangoni: mzazi na mtoto, na shule zinafunguliwa Jumatatu.

Mashine yake iko dirishani, chumba cha nyuma. Ukutani kuna koni za uzi za rangi tatu tu: kijivu, buluu iliyokolea na damu ya mzee. Mtoto akisimama mbele yake anampima kwa futi, halafu anaweka vidole vyake vinne chini ya kipimo na kuongeza hapo. "Nafasi ya kukua," anasema. Mtoto akilivaa anazama, mikono inafunika mpaka kucha. Mzazi akilalamika, jibu ni lile lile tangu sijazaliwa: "Atalifikia."

Kwenye droo ya mashine, chini ya makopo ya sindano, kulikuwa na karatasi moja aliyokuwa hataki tuiguse. Ni ukurasa wa daftari la hesabu, lile la miraba. Mama mkubwa, yaani dada yake, aliuchora akiwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyemfundisha mama kufuma, kwa spoku za baiskeli walizozinoa kwenye jiwe. Alichora sweta la vifungo kwa penseli za rangi: ndege wanafuatana kifuani na mgongoni, maua mikononi, rangi saba, kila mraba kitanzi kimoja. Chini akaandika: La kwangu. Atalifuma mdogo wangu. Mama alikuwa na miaka minane, akasema sawa. Miaka hamsini na mitano ikapita.

Mama mkubwa akaolewa nchi nyingine, akafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Miaka sita iliyopita mume wake alifariki, mwezi wa Januari. Januari, jamani! Mama alikuwa na shule tatu mkononi, watoto wamepanga foleni mpaka barabarani. Hakwenda mazishini. Alisema atakwenda Februari. Februari ikaja, ikapita. Waliendelea kupigiana simu na kucheka, ila neno Januari hakuna aliyelitaja.

Halafu mwaka huu mama mkubwa akapiga simu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na tarehe ya kupasuliwa jicho la kwanza imepangwa. Mama akamuuliza anaona nini. "Naona mtu kasimama," alijibu, "ila rangi hakuna. Dunia nzima imekuwa chai ya maziwa."

Mama akakata simu, akaifunika mashine yake kwa shuka, akafungua droo. Jioni ile ile alikuwa na mabunda ya uzi ya rangi saba na sindano za mkono, maana mashine yake ndege haijui. "Siku wakimfungua jicho," aliniambia, "kitu cha kwanza akione hiki." Nikamwambia, mama, wewe na kumaliza mmejuana lini? Akanitazama tu.

Mimi ni msusi, na subira yangu inaishia kwenye vichwa vya watu. Lakini mama hajawahi kuvuka mpaka peke yake, basi nikafunga saluni wiki tatu, nikamsindikiza huku nikinung'unika njia nzima.

Tulipopanda treni mgongo ulikuwa umekwisha na vifua viko nusu. Hapo ndipo nilipojua kufuma kwa rangi ni adhabu. Unashika nyuzi mbili kwa pamoja; ule usiotumika unapita kwa nyuma mpaka zamu yake ifike. Kwa hiyo nje unaona ndege, ndani ni vurugu ya nyuzi tupu. Kila mstari mama anasoma miraba ya yule mtoto wa miaka kumi na miwili: "Mbili nyekundu, tatu nyeupe, moja buluu..." Nikawa namshikia mabunda yasikorogane, nikajua majina ya ndege wote, maana alikuwa amewapa.

Mpakani akaingia afisa wa forodha, mwanamke mkavu, akafungua begi letu. "Nyuzi zote hizi ni za biashara," akasema. Mama hata hakumtazama usoni; alimtazama mkono. "Mwanangu, sweta lako la kazi linafumuka hapo kwenye pindo. Ukivuta huo uzi utabaki na kola. Lete hapa." Haki ya Mungu, yule afisa alinyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, na mama akalishona pindo hapo hapo, wenzake wakimsubiri mlangoni. Biashara haikutajwa tena.

Tulipofika, mama mkubwa alitukumbatia kwa muda mrefu, akatupapasa nyuso. Amepungua, mdogo, mwepesi, ila mdomo ni ule ule. "Mwanangu umenenepa," akaniambia. "Hilo sihitaji macho kuliona."

Tulikuwa na siku kumi kabla ya upasuaji, na iliyobaki ilikuwa mikono miwili, kola na vifungo. Tatizo, tufumie wapi? Nyumba ni vyumba viwili na jikoni, na mama mkubwa alitaka mdogo wake akae naye kutwa. Mama akaamua kufuma mbele yake waziwazi.

"Unafuma nini?" mama mkubwa akauliza.

"Sweta la shule," mama akadanganya bila kupepesa. "La kijivu."

"La mtoto wa kimo gani?"

"Kama chako hivi."

"Na vidole vinne umemwachia?"

"Kama kawaida," mama akajibu, na mimi nikakimbilia jikoni kucheka.

Siku ya tatu kicheko kiliisha. Tulikuwa tunakunywa chai, mama mkubwa anasimulia habari ya nyumba yao ya utotoni, na mama, badala ya kuitikia, akawa anahesabu vitanzi kwa sauti ya chini. Mama mkubwa akaweka kikombe.

"Hata kwangu umekuja na masweta ya watu?"

Mama akaziweka sindano mapajani.

"Mume wangu nilimzika peke yangu kwa sababu ya masweta ya watu. Nikasema sawa, ni kazi, ni riziki. Leo ninakwenda kukatwa jicho, umekuja kunikalia hapa na masweta ya watu!"

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Jembe halikuwepo, nikachukua ufagio. Nilifagia mahali pamoja mpaka sakafu ikanihurumia. Nilitamani kupiga kelele, mama mkubwa, si la watu, ni lako! Mama akanikazia jicho. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mama mkubwa akanyoosha mkono, akalinyakua lile sweta mapajani mwa mdogo wake. Nikadhani analitupa dirishani. Akalishika. Vidole vikapita nje, vikapita ndani, vikakaa hapo kitambo. Kisha akalirudisha taratibu.

"Haya," akasema. "Malizia kazi yako."

Tangu hapo hakugomba tena. Nikasema moyoni, amechoka, maskini.

Jumatatu ya wiki ya upasuaji, mimi na mama tulikwenda kununua vifungo. Mama alichagua vifungo saba kwa saa nzima, muuzaji akataka kulia. Tuliporudi, tulimkuta mama mkubwa kwenye kiti cha mama, sindano mikononi, anafuma kwa kasi ya mvua. Jicho halioni, lakini vidole vinakimbia!

"Nimekusaidia kidogo," akasema. "Mistari kumi na miwili. Upate nafasi ya kupumzika."

Mama akalichukua. Kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya pindo, mahali palipotakiwa kuwa na maua mekundu na majani ya kijani, kulikuwa na mkanda mpana wa njano. Njano tupu. Mama mkubwa alikuwa ameshika bunda la kwanza lililokaribia mkono wake, akalifuma bila huruma.

Niliona rangi ya uso wa mama ikibadilika. Agombe vipi? Akigomba, siri imetoka. Sweta la kijivu litaharibiwaje na uzi wa kijivu? "Ahsante, dada," akasema. "Umeokoa... umeokoa muda."

Nikamvuta mpaka jikoni. "Fumua," nikamwambia. "Ndege wake wote, maua yake yote, halafu mkanda kama wa mlinzi wa barabarani?"

Mama akapiga hesabu kwa vidole. Mstari mmoja wa maua unamchukua karibu nusu saa. Kufumua na kufuma upya, siku nzima. Alhamisi ni upasuaji, Ijumaa asubuhi jicho linafunguliwa. "Nikifumua, simalizi," akasema. Akaupapasa ule mkanda kwa kidole gumba. "Na angalia vitanzi vyake. Vimelala sawa vyote. Mimi mwenyewe sifumi hivi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mkono wa kushoto nao utavaa njano."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, mimi ningefumua. Lakini njano tupu haina kusoma miraba wala kushika nyuzi mbili. Mistari kumi na miwili ya mkono wa kushoto aliimaliza kabla chai haijapoa vizuri. Bila ule mkanda tusingefika, nakiri.

Alhamisi mama mkubwa akapasuliwa, akatoka na kipande cha plasta na pamba kwenye jicho la kulia, anadai chai. Ijumaa asubuhi tukarudi kliniki. Kwenye benchi la wagonjwa, mama alikuwa anashona kifungo cha saba chini ya kanga. Nesi akatokea mlangoni.

"Bibi wa jicho la kulia, ingia."

"Subiri," mama akasema. "Kifungo kimoja."

"Kifungo gani tena?"

"Msubiri, sista!" akasema mzee mmoja mwenye plasta, na benchi zima likaunga mkono. Nesi akaegemea mlango akamsubiri. Mama akakata uzi kwa meno. Nilimwona akilitazama sweta lile, halafu akanitazama mimi. Limekwisha! Niliona fahari mpaka nikataka kuwatangazia wagonjwa.

Ndani, nesi akabandua plasta taratibu. Mama akasimama mbele ya kiti, akalinyanyua sweta kwa mikono miwili, juu kabisa, limemfunika uso. Ndege wote wakatandazwa mbele ya dada yake. Mama mkubwa akapepesa jicho. Mara moja. Mara ya pili.

"Shusha," akasema.

Mama hakusogea.

"Shusha hilo sweta, nakwambia."

Likashuka polepole. Uso wa mama ulikuwa umesawijika; alidhani mwenzake hakulipenda.

"Nilitaka kukuona wewe kwanza," mama mkubwa akasema. "Hilo nimeshaliona kwa vidole. Mtoto wa jicho yuko jichoni, mikononi hayupo. Unafuma la kijivu, ndani nyuzi zimepita kwa nyuma kila baada ya vitanzi vitatu, na unataka niamini ni sare ya shule? Siku ile ile nilijua. Ni ndege wangu."

"Na ule mkanda?" nikauliza mimi, mdomo wazi.

"Nilijua si kijivu. Rangi ndiyo sikuijua, nikabahatisha. Nilitaka awahi kulimaliza." Akauvuta mkono wa sweta karibu. "Njano! Basi nina bahati. Ningeweza kushika nyeupe." Kisha akaona buluu ya mabawa, akaigusa. "Nilisahau kuwa buluu iko hivi," akasema.

"Dada," mama akaanza, "ile Januari..."

"Nilikasirika. Miaka sita nimekasirika, na nilikuwa na haki."

"Ulikuwa na haki. Ningefunga mlango, nije. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, tangu nilipolishika. Nivalishe, naona baridi."

Tukamvalisha, mimi mkono huu, mama mkono ule. Mama akafunga vifungo saba, akarudi nyuma kulitazama, akaweka mkono mdomoni.

Mikono ilifunika vidole vyote. Pindo lilishuka mpaka mapajani. Hakuweza kumpima kwa siri, alikisia, na mikono ya miaka arobaini na moja ikafanya ilivyozoea. Aliweka kiganja chake kwenye pindo: vidole vinne kamili.

"Mungu wangu," mama akasema. "Nimemwachia nafasi ya kukua. Mtu wa miaka sitini na saba! Vua, dada, nikate, nilipunguze leo leo."

Mama mkubwa akajikumbatia, mikanda miwili ya njano ikakutana kifuani juu ya ndege.

"Usiliguse," akasema. "Nitalifikia."

Nesi akatuomba tutoke, benchi limejaa.