Mvumo wa Ubeti wa Pili

Kila siku ya kufunga shule, wimbo wa likizo ukifika mwisho wa ubeti wa pili, wanafunzi mia sita hufumba midomo na kuvuma. Mstari mzima, bila neno. Kisha huingia ubeti wa tatu kana kwamba hakuna kilichotokea. Wazazi hutoa leso. Mkuu wa shule huvua miwani.

Nyuma kabisa, karibu na mlango wa ukumbi, husimama mpiga chapa wa shule, ambaye wanafunzi humwita Mama Chapa. Yeye hatoi leso. Hutazama sakafu.

Ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa maabara. Alianza na mashine ya chuma na stensili za nta: ukikosea herufi unapaka dawa, unapuliza ikauke, unagonga upya. Siku hizi ana kompyuta, ila akifuta neno bado hupuliza kioo. Walimu husema karatasi ikitoka kwake haina haja ya kusomwa. Muhula huu ndio wake wa mwisho, na baraza la wanafunzi lilikuwa limeshaandaa cheti cha kumuaga: "Miaka 26 bila kosa."

Jumatatu ya wiki ya mwisho alifika mwenyekiti wa baraza, msichana aliyepachikwa jina la Wakili kwa sababu hata akiambiwa mvua imenyesha hutaka kuonyeshwa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni ratiba ya mechi, iko juu ya kabati."

"Si ratiba. Tunatoa kijitabu cha nyimbo za likizo, kila wimbo na maelezo yake. Tumekwama kwenye ule mvumo."

"Mmekwamaje?"

"Kila mtu ana lake. Mlinzi anasema ni heshima kwa mwanafunzi aliyefariki. Mwalimu wa historia anasema ni ishara ya amani. Kaka yangu, aliyesoma hapa, anasema wimbo ulitungwa na bubu."

"Bubu aliutungaje?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaninunia siku mbili."

Mama Chapa alisukuma kibodi pembeni. Miaka yote hiyo alikuwa akijua kilicho chini ya mvumo ule, lakini hakuwahi kuuliza watu wameweka nini juu yake.

"Na baraza linaamini lipi?"

"Tumepiga kura. Marehemu ameshinda, kumi na moja kwa nne." Wakili aliweka karatasi mezani. "Mimi nilikuwa kwenye wale wanne. Lakini wengi wape."

Karatasi ilisema: Mvumo huu ni kumbukumbu ya mwanafunzi mwenzetu aliyetangulia.

"Niachie," alisema Mama Chapa. Hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza kulala mezani kwake bila kuchapwa.

Marehemu hakuwahi kuwepo. Katika mwaka wa pili wa Mama Chapa kazini, mwalimu wa muziki aliyekuwa amepata uhamisho alimletea wimbo ulioandikwa kwa mkono, akaaga, akaenda zake. Katika ubeti wa pili mistari miwili ya mwisho, wa tatu na wa nne, ilianza na maneno yale yale, "Na tukumbuke". Jicho la mpiga chapa likaruka mmoja. Aligundua akiwa ukumbini, nakala mia sita zikiwa mikononi mwa wanafunzi na kinanda kikiendelea mbele. Maneno yaliisha, muziki haukuisha. Wasichana wa safu ya mbele, kwa kukosa la kusema, wakavuma. Ukumbi ukafuata. Alingoja kuitwa ofisini. Hakuitwa.

Mwaka uliofuata aliurudisha ule mstari mahali pake. Mwalimu mpya wa muziki akaukata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Umekosea. Hapa panavumwa." Toka siku hiyo Mama Chapa akanyamaza.

Jioni alimweleza mumewe, fundi saa, aliyekuwa ameinamia saa ya mtu kwa lenzi jichoni.

"Waambie tu," mume alisema. "Kosa moja haliachi mke."

"Wewe utasema hivyo. Umefanya mangapi?"

"Ndiyo maana nasema."

Kesho yake, baraza likiwa limekaa katika maabara ya kemia, miguu ikining'inia kwenye viti virefu, Mama Chapa aliomba nafasi. Alisema yote akiwa amesimama, bila kuapa wala kujitetea, kisha akausoma mstari wenyewe: "Na tukumbuke vitabu vya maktaba kuvirudisha."

Sauti ikatoka nyuma: "Kwa hiyo bibi yangu huwa analilia vitabu?"

Walicheka mpaka kiti kimoja kikaanguka. Wakili hakucheka.

"Mama, zimebaki siku tatu. Na cheti unakijua. Ungenyamaza nani angejua?"

"Kuruka mstari ni kosa. Kumwandikia mtu kifo ambacho hakufa ni kosa la pili, na hilo mlitaka nilifanye macho yangu yakiwa wazi."

Katika mazoezi ya mchana huo kwaya ilijaribu mstari uliopotea. Mara ya kwanza walifika "maktaba" wakaanguka kwa kicheko. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu mpiga kinanda mwenyewe alifuta machozi. Ndipo Wakili alipopendekeza warudie mvumo.

Mama Chapa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaka kujua kama bado ungewezekana, sasa kila mtu akijua umetoka wapi. Midomo ikafumbwa. Sauti ikapanda, nzito kidogo kuliko miaka mingine, na hakuna aliyecheka. Safari hii alizitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, mpaka ubeti wa tatu ukaanza.

Siku iliyofuata Wakili alirudi ofisini.

"Tumepiga kura. Mvumo unabaki, kumi na tano kwa sifuri. Maelezo yawe ya kweli, na uyachape wewe."

Aliyachapa palepale: Mstari wa nne uliachwa na mpiga chapa. Kwaya huvuma. Aliyasoma mara tatu.

"Na cheti?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Tumekibadilisha. 'Miaka 26, kosa moja.'"

"Moja mnalolijua."

Wakili, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alirudi akavuta kiti.